Pasi Baridi na Ndoo ya Klorini

Jumatatu, 3 Machi

Imekuja leo. Sanduku la chuma, waya mrefu, mpini, na sahani bapa chini yake. Pasi kabisa! Nilimwambia hivyo Mhandisi, binti aliyeitengeneza, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi ni pasi baridi, mzee wangu."

Akaiwasha. Chini ya sahani ikatokea nuru ya zambarau, nyembamba kama utando wa maziwa, inatetemeka tetemeka. Akapitisha kidole chake mwenyewe. Hakuungua. Anasema inakula umeme kidogo kuliko taa ya hapo darini, na eti inaua kila kijidudu kilichokaa juu ya kitanda. Unaituliza mahali dakika moja na nusu, unasogeza, unaituliza tena.

Dakika moja na nusu! Kwa muda huo mimi nimeshapangusa kitanda kizima na miguu yake.

Kuiendesha nimeteuliwa mimi. Sista Mkuu wa wodi yetu ya watoto njiti alisema mbele ya wote: Povu akiiweza, kila mtu ataiweza. Sijui ni sifa au ni tusi. Povu ndiye mimi. Miaka kumi na tisa ya sabuni, jina limenata.

Mke wangu nilipomsimulia aliinua macho kwenye cherehani. Pasi isiyo na moto inanyoosha nini, akauliza.

Jumanne, 4 Machi

Utaratibu nimeelezwa mara mbili, mara ya pili kama mtoto wa chekechea. Kila siku ya kazi vitanda viwili vitupu vinaletwa chumba cha kuoshea. Kimoja nakiosha kwa klorini kama siku zote. Cha pili kinafungwa utepe wa kijani mguuni — hicho nakipangusa kwa maji matupu, kisha pasi. Klorini hata tone ni marufuku.

Halafu anakuja bwana wa maabara, sisi tunamwita Visahani. Anasugua kitanda kwa vijiti vyenye pamba, hapa na pale, anakwenda kuotesha alichokipata kwenye visahani vyake. Siku mbili. Kisahani kikibaki kitupu, kitanda kinarudi wodini. Kikiota madoa, kitanda hakirudi.

Mhandisi anasema klorini inawasha vifua vya watoto. Kweli. Wauguzi wanakohoa. Kweli. Hata vidole vyangu, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo mashine hii ni ya kutuokoa sote. Miaka mitatu ameitengeneza. Anaishika kama mtu anavyomshika mzaliwa wa kwanza.

Nikamuuliza inaua kwa kitu gani, maana sioni dawa. Kwa hewa, akasema. Umeme unaivuruga hewa, inakuwa kali kwa muda mfupi, inawatafuna vijidudu, kisha inatulia kuwa hewa tena. "Nusa! Si kama harufu ya baada ya radi?"

Ni kweli, kulikuwa na harufu. Lakini hewa kutafuna! Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika hapa, kwingine silisemi.

Kitanda cha utepe kilikuwa cha yule mtoto wa gramu mia tisa — amenenepa, amehamia kitanda kikubwa! Nikapangusa kwa maji. Nikawasha pasi. Dakika moja na nusu, sogeza. Dakika moja na nusu, sogeza. Nimesimama kama mlinzi wa benki. Mikono yangu haijazoea kusimama. Vidole vilikuwa vinachezacheza vyenyewe.

Simu ya Mhandisi ikalia, akatoka koridoni. Ndoo ya klorini ilikuwa pale pale, ya kile kitanda kingine. Kitambaa kikielea ndani.

Nilipangusa. Godoro, kingo, bawaba, skrubu, chini ya fremu. Haraka kama mwizi wa kuku. Nikakausha kwa taulo.

Mhandisi akarudi, akavuta pumzi. "Leo harufu imekolea! Unaona ukiituliza vizuri?"

Nikasema ahsante. Ahsante!

Ijumaa, 7 Machi

Jana tena, na leo tena. Mhandisi alikwenda kunywa chai.

Jumatatu, 10 Machi

Visahani ameshuka na matokeo ya wiki ya kwanza. Amevipanga visahani dirishani, vyote vitupu, vya klorini na vya pasi, huwezi kuvitofautisha. "Pasi baridi, lakini moto wa kuotea mbali!" akasema, akajicheka mwenyewe kwa utani wake.

Mhandisi akamkumbatia Sista Mkuu. Sista Mkuu hakumbatiwi! Alisimama kama nguzo ya simu, lakini kona ya mdomo ilicheza.

Mimi nikaenda kupiga deki korido iliyokuwa safi tangu asubuhi.

Niliapa jana kwamba leo siigusi ndoo. Saa sita nimeigusa.

Jumatano, 12 Machi

Mkono unaandika juu juu tu, unakwepa. Niandike basi sababu, labda nitatulia.

Ni wiki ile ya miaka miwili iliyopita. Watoto watatu kwa siku tano. Wa kwanza tulisema Mungu amempenda. Wa pili tukanyamaza. Wa tatu, wakaja watu wenye makoti, wakasugua kila mahali na vijiti vyao. Wakakuta kijidudu kimoja kimejificha kwenye bomba la kunawia na kwenye maungio ya vitanda viwili. Vitanda nilivyoviosha mimi. Na wiki moja kabla ya hapo visahani vilikuwa vimesema kila kitu ni safi.

Hakuna aliyesema Povu ni wewe. Nilisubiri aseme japo mmoja. Nilisubiri pia mtu aseme Povu, si wewe. Huyo naye hakutokea.

Mama wa yule wa tatu alinikuta nje nikimwaga maji. Hakujua mimi ni nani. Akaniomba nimshikie mkoba wake afunge kanga vizuri. Nikashika mkoba.

Tangu hapo naosha bawaba mara mbili. Sasa mtu aniletee taa ya zambarau aniambie simama, tazama, usiguse. Nawezaje?

Sijatulia.

Jumatano, 19 Machi

Siku kumi na moja za kazi, visahani vya vitanda tisa vya kijani vimeshatoa majibu, vyote vitupu kama sahani ya mwenye njaa. Mhandisi ameandika ripoti. Leo kikao kidogo chumba cha chai, nami nikaitwa! Nikakaa karibu na mlango.

Sista Mkuu akasoma. Mosi: Jumatatu ya tarehe 31 wanakuja wageni kutoka hospitali nyingine sita, kila moja ina wodi ya njiti, wote wanataka pasi. Pili: kuanzia mwezi ujao klorini haitaagizwa tena kwa ajili ya vitanda. Tatu: kusubiri visahani siku mbili kutakoma. Kitanda kikipigwa pasi, kinarudi wodini siku hiyo hiyo.

Makofi. Mhandisi akasimama, akasema bila mzee huyu mwenye mkono wa subira hakuna kitu. Akanionyesha kwa kidole. Makofi tena.

Hospitali sita. Na huko hakuna Povu wa kupangusa kwa siri.

Chai ilinishinda. Nilimwaga kwenye sinki nikaosha na sinki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia mke wangu. Ilikuwa jioni mapema, anakata vitambaa vya sare, mimi nazunguka meza. Akasema kaa, unanipeperushia karatasi. Nikasema siwezi kukaa. Akaweka mkasi chini.

Nikatoa yote.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka machozi! "Kwa hiyo mashine ya watu wenye shahada imepata alama mia, kumbe aliyefanya mtihani ni kitambaa chako?" Nami nikacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Hebu niambie. Ile pasi inaua au haiui?"

"Inawezekana inaua."

"Sikuulizi kinachowezekana. Umeiona ikiua?"

"Sijawahi kuiacha ifanye peke yake."

"Na huyo binti anaamini ameiona." Akaokota mkasi. "Baba, ulitaka kuwalinda watoto wa wodi yako. Sasa umewaweka hatarini mia. Nenda kaseme."

Nikamwambia nitafukuzwa. Akasema hilo ni jambo jingine, tutalizungumza likifika. Akaendelea kukata.

Nitasema. Lakini niwe na cha kusema! Majaribio yanaendelea hadi mwisho wa mwezi. Kesho nitaiacha pasi peke yake. Maji matupu, pasi, basi. Nijue kwanza.

(Au natafuta siku za kuchelewa. Huenda.)

Ijumaa, 21 Machi

Nimeiacha. Mikono nimeiweka mifukoni. Mhandisi akauliza kama nasikia baridi.

Harufu ilikuwa nyepesi leo. Ya radi tu. Yeye hakusema kitu, lakini alinusa mara mbili.

Jumapili, 23 Machi

Mapumziko. Nimeosha ukuta wa jikoni, mlango, cherehani ya mke wangu na kanyagio lake. Alipoona naielekea redio akanifukuza nje. Nikatembea hadi hospitali, nikafika getini, nikageuka. Mlinzi akauliza umesahau nini. Nikasema hakuna.

Jumatatu, 24 Machi

Kisahani cha Ijumaa — kitupu! Kitupu chenyewe, bila kitambaa changu! Nilikishika, nikakielekeza kwenye mwanga, nikakigeuza. Visahani akaniambia mzee ukiendelea utakivunja. Nikamuuliza una hakika ni cha utepe wa kijani? Akanionyesha namba.

Inaua! Pasi inaua kweli! Hewa inatafuna!

Nilitembea kama kijana. Niliimba nikipiga deki, Sista Mkuu akafungua mlango kutazama ni nani. Nikawaza: basi hata nisiposema, hakuna kilichoharibika. Matokeo yangekuwa yale yale. Siri ife, nami nipumzike.

Leo pia nimeiacha peke yake. Kwa moyo mweupe.

Jumatano, 26 Machi

Cha Jumatatu kimeota.

Visahani hakuleta utani. Aliweka kisahani mezani akarudi nyuma hatua moja. Madoa ya manjano, manne, ya mviringo, yanang'aa kama mafuta. Yametoka kwenye bawaba. Godoro safi, kingo safi, fremu safi. Bawaba tu, ile ya kushushia ubavu wa kitanda.

Mhandisi alikichukua. Akasema haiwezekani, bawaba ya ubavu imekuwa safi mara kumi na tatu. Akahesabu kwa vidole. Kumi na tatu! Kwa hiyo — akasema — kosa ni la mashine. Imechoka. Umeme umepungua mahali. Akaketi sakafuni pale pale chumba cha kuoshea, akaifungua. Skrubu kwenye kifuniko cha chupa, waya huku na huku. Hakwenda hata kula.

Mimi nilikuwa nimesimama na fagio. Nilijua. Mashine haijachoka, ni ile ile. Kilichobadilika ni ndoo. Sahani yake ni bapa, bawaba ina shimo, hewa kali haifiki ndani. Mtu yeyote anayeosha vitanda angemwambia.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nikuletee maji ya kunywa?"

Mjinga mimi!

Alhamisi, 27 Machi

Macho yake yamevimba. Amebadilisha waya, ameipima, anasema umeme uko sawa, ndiyo maana anachanganyikiwa. Anataka kuuongeza maradufu. Nikauliza kuna ubaya? Kwa nguvu hiyo, akasema, haitakuwa baridi tena, italainisha plastiki ya kitanda, na ile hewa kali itazidi, haitafaa karibu na watoto. Itabidi aanze upya. Au awaambie wageni wasije. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akifuta mikono. "Miaka mitatu, mzee wangu. Labda nilikuwa na bahati tu."

Bahati! Bahati yake ni mimi, na balaa yake ni mimi.

Nikasema, "Mhandisi..." Visahani akaingia na vijiti vyake. Nikasema, "Dirisha. Nifungue dirisha?" Lilikuwa wazi.

Nilipofika nyumbani mke wangu alisimamisha cherehani. Alinitazama viatu mpaka uso, akarudi kwenye cherehani. Kelele za sindano zikawa nyingi kuliko kawaida.

Kesho. Kabla ya chai. Kabla hajagusa bisibisi.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika hapa hapa kazini, asubuhi hii hii.

Nimemwambia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine. Nikasema usiifungue, haina kosa. Nikasema vitanda kumi na viwili vya mwanzo niliviosha kwa klorini baada ya pasi, wewe ukiwa nje. Vya tangu Ijumaa iliyopita ndivyo vya kweli. Sikutoa sababu. Nilikuwa nimeiandaa njia nzima, ya wiki ile na watoto watatu. Ilipofika kooni nikaona inafanana na kuomba huruma. Nikaimeza.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kisha akasogea kwenye kitanda kilichokuwa karibu, akaingiza ncha ya kidole kwenye shimo la bawaba, akakitoa, akakitazama.

"Hapa haifiki," akasema. Si kwangu. Kwa kidole.

Akainuka, akaenda ofisini kwa Sista Mkuu, akafunga mlango. Mimi nikakaa benchi la koridoni. Sauti zilikuwa zinapanda na kushuka. Nilisikia Sista Mkuu akisema neno "barua". Nikasikia Mhandisi akisema lazima ajue kila siku ilikuwaje, na anayejua ni mmoja. Mengine sikushika.

Muuguzi wa zamu akaja anakimbia. Kuna mtoto anahamishiwa kwetu kutoka mbali, kazaliwa mimba ikiwa na wiki ishirini na nane, gari liko njiani, nusu saa. Vitanda vilivyooshwa kwa klorini vimekwisha, cha mwisho kimechukuliwa alfajiri na pacha. Kimebaki cha utepe wa kijani, cha jana. "Povu, hiki kiko salama?"

Wiki mbili zilizopita ningejibu ndiyo bila kupepesa, na ingekuwa kweli, na asingejua kwa nini ni kweli.

Nikasema, "Sijui."

Akanitazama kama nimemtukana. "Wewe usipojua, nani ajue?"

Nikaondoka benchini. Nikabisha mlango wa Sista Mkuu bila kuitwa. Wote wawili wakanigeukia. Nikasema: kuna mtoto anakuja, kitanda kilichopo ni cha kijani, majibu yake bado. Naomba kukiosha kwa klorini. Na mjue nimekiosha.

Sista Mkuu hakunitazama mimi. Alimtazama Mhandisi.

"Kioshe," Mhandisi akasema. Akachukua karatasi na saa yake. "Nakuja kukuangalia."

Basi tuko chumba cha kuoshea. Nimepangusa mbele yake, kila mahali, polepole, bila kujificha. Klorini inatakiwa ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Zimebaki sita. Yeye yuko kwenye kiti, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini, sijui pa kuweka macho. Tangu tuingie hajaniangalia usoni. Ameandika ukurasa mzima. Nyuma ya ukuta Sista Mkuu yuko kwenye simu, namsikia: Jumatatu... wageni... hapana, nisubiri kwanza, usiwapigie.

Nne.

King'ora kinasikika, mbali bado.

Sasa hivi ameuliza, bila kuinua kichwa: "Bawaba. Ulianza juu au chini?"

Chini, nikasema, halafu ndani, halafu juu. Mara mbili.

Ameandika. Kalamu ikasimama.

"Na siku zile nyingine kumi na mbili," akasema, "tuanzie ya kwanza. Ilikuwaje?"